Nusu ya Wimbo Aliyobaki Nayo Ngoy

Benchi letu ni ubao wa boti iliyokufa, umelazwa juu ya matofali pale njia ya bandari ya ziwa ya Kashikishi inapokutana na barabara kubwa. Ukikaa hapo huhitaji redio: samaki wakipungua utajua, ndoa ikivunjika utajua, na mtu akipita na viatu vipya atasimamishwa aeleze. Marlène anachemsha kahawa ya tangawizi juu ya mbabula, jiko lake la makaa, na mimi natengeneza baiskeli za wabeba samaki hapo hapo ubavuni, ndiyo maana wananiita Pompi, yaani pampu. Asubuhi ile ya Alhamisi tulikuwa na kazi moja tu, nayo ilikuwa ya aibu kidogo: kumbembeleza Ngoy. Keshokutwa yake tulitaka kufungua tena Jumamosi ya Nyimbo, iliyolala tangu korona, na bila Ngoy haifunguki.

Msomaji wa mbali aelewe. Jumamosi ya Nyimbo haikuwa na mtu wa kulipwa hata mmoja. Kila mwisho wa mwezi, chini ya paa la watengeneza nyavu, watu walikuja na vigoda vyao na nyimbo za wazee wao: Wakongo na zao za Katanga, Wabemba na kalindula zao za gitaa, watu wa Kabuta, watu wa kisiwani Chisenga. Misheck alileta spika na betri ya gari, tukamwita Betri. Dany, aliyesoma sheria mwaka mmoja Lubumbashi na hajawahi kutuacha tusahau, alitangaza waimbaji. Huyo ni Avocat, wakili kwa Kifaransa chake. Mimi nilibeba benchi kwa baiskeli. Mama Angèle, muuza samaki wa chumvi, ndiye aliyeanzisha yote, na ndiye aliyeweka sheria kwamba hakuna kuimba peke yako. Mmoja anaanza, mwingine anaitika. Yeye alianza, Ngoy mtengeneza nyavu aliitika, na wimbo wao wa kuvuka ziwa ndio uliofungua kila Jumamosi. Wiki nzima wale wawili waligombana sokoni, huyu akisema chumvi ya mwenzake inaozesha nyavu, yule akisema nyavu za mwenzake zilioza siku nyingi. Walipatana kwenye wimbo tu.

Juu ya sheria ya Mama sisi tukaongeza mwiko wetu, sijui nani aliuleta. Mwitikiaji hajifunzi sehemu ya mwanzishaji, wala mwanzishaji hajifunzi ya mwitikiaji. Ukijifunza sehemu ya mwenzako, maana yake unajiandaa abaki mmoja. Ni kama kumpima jeneza akiwa bado anakula. Basi watu wazima kabisa, wenye wajukuu, walikuwa wakiziba masikio kwa vidole wakati wa mazoezi, na sisi tukaona ndiyo adabu. Kisha korona ikaja. Mwaka wake wa pili Mama Angèle akafa, na Ngoy akabaki na majibu bila maswali.

Sababu za kuchelewa kufungua tena zilikuwa nyingi. Korona ilipoondoka tulisema tungoje kidogo, kisha kipindupindu kikaja na mikusanyiko ikakatazwa, kisha betri ya Betri ikafa, kisha mvua. Mtu akitaka kuchelewa, Kashikishi haimnyimi sababu. Mwaka huu Marlène akagonga sufuria kwa mwiko, akasema wazee wanakufa na nyimbo zao mdomoni, tufungue. Akatuma habari Kabuta, akatuma Chisenga. Aliyesahauliwa kuulizwa kwanza ni Ngoy.

Sasa Ngoy alikuwa amekaa mwisho wa benchi, kofia magotini, kikombe mkononi.

— Kunywa kahawa nitakunywa, alisema. Kuimba, hapana.

— Papa Ngoy, Marlène akamwambia, bamama ba Kabuta bamekwisha kushona nguo ya kuvaa siku ile. Batu ba Chisenga bamekwisha kupanga boti. Nitabaambia nini?

— Baambie bakuye, baimbe. Miye nitakaa nyuma, nitapiga mikono.

— Nyuma! Avocat akaruka. Mutu wa kufungua hawezi kukaa nyuma. Ni contre la loi, sheria inakataa. Wahenga balisema: samaki mukunje angali mubichi.

— Papa Ngoy ni samaki? Marlène akauliza.

— Kwa maana ya sheria, ndiyo.

— Ni mubichi?

— Tunaongea principe, kanuni tu, mama. Ubichi tutaongea kesho.

Ngoy hakucheka. Yeye si mtu wa kununa, na hilo ndilo lililotutia wasiwasi.

— Sikieni, alisema. Ile wimbo haiko yangu tena. Wakati Angèle alikufa miye nilikuwa Chisenga, homa imenilalisha, batu ba kambi ya samaki bamenifungia mu kibanda, banasukuma chakula kwa fimbo. Sikukuya kumuitikia. Ninyi mulimuitikia. Mulimuimbia ku kaburi, mukaifunga. Wimbo ikiisha kuimbwa ku kaburi, haitoke tena kuchezesha batu. Ni vile bazee balitufundisha.

Hapo kila mtu alipata kazi. Marlène alipuliza makaa yaliyokuwa yanawaka vizuri tu. Betri aliinama juu ya nyaya zake. Mimi nilizungusha gurudumu ambalo lilikwisha kupona tangu asubuhi. Aliyetuokoa ni Avocat, maana yeye kunyamaza hakufundishwa katika ule mwaka wake mmoja.

— Bon. Tuseme Mama hayuko. Mais sheria inasema, mutu akinyamaza, amekubali. Donc pale pa Mama tutaacha kimya. Kimya ile njo sauti yake. Kisha Papa Ngoy anaitika.

— Anaitika nani? niliuliza.

— Anaitika kimya.

— Na batu bataelewa?

— Simba mwenda kimya ndiye mla nyama.

— Awe, hapana, Avocat, Betri akasema bila kuinua kichwa. Ule simba alikuwa muzima.

Betri ni Mbemba wa hapa hapa, mtu wa mikono kuliko maneno, na kwao mkubwa huitwa “ba” kwa heshima. Kiswahili chake ni cha sokoni, cha kuuliza bei, lakini siku hiyo alikivaa chote.

— Mwebantu, jamani, sikieni miye. Spika yangu ilikula sauti ya ba Angèle miaka mingi. Kikapo ya samaki, ukiiosha, harufu inatoka?

— Haitoke, Marlène alikubali.

— Haitoke! Nomba, sasa, sauti itatoka wapi? Iko mule mu sanduku. Iko inalala. Tunageuza nyaya, huku kunaenda kule, kule kunakuya huku. Umeme unarudi nyuma. Na sauti inarudi.

— Na spika je? niliuliza.

— Spika itakufa.

— Sasa faida gani?

— Itakufa, cine cine, kweli kabisa. Mais mbele ya kufa, itasema. Hata mutu anasemaka mbele ya kufa.

Avocat alicheka hadi kofia ikamwanguka. Mimi pia nilicheka, kusema kweli, kwa sababu niliiona ile spika yake: sanduku lililofungwa kwa kamba ya nyavu, limepasuka mdomo, na juu yake kuku hulala.

— Uliisha kuisikia? Ngoy aliuliza. Aliuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa.

Betri aliacha nyaya.

— Siku moja. Kulikuwa mvua. Niliiwasha juu ya kuijaribu tu. Ikasema.

— Ikasema nini?

— Ni panya, Marlène akasema upesi. Betri, ile ilikuwa panya.

— Panya haikohoe, mama. Ilikohoa.

Kicheko kiliisha hapo. Wote tulijua Mama Angèle alivyokohoa wiki ile ya mwisho. Nyumba yake ilikuwa nyuma ya soko, na kikohozi chake kilisikika hadi kwenye meza za samaki, na watu walikuwa wakihamisha meza zao. Nasikitika kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mama aliyewakusanya watu wa pande mbili za ziwa chini ya paa moja, watu haohao walihamisha meza kumkwepa.

Wakati huo alikuwa amekuja mwanamke mmoja na kuomba kahawa. Alijitambulisha kwa jina la Bénie, mchuuzi wa Pweto ng'ambo ya ziwa. Alivuka kununua samaki, na samaki wake walikuwa bado juani hawajakauka. Avocat akasogea kumpa nafasi, nusu ya tako lake ikining'inia nje ya ubao.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, alimwambia. Kaa, mama. Tuko na kesi.

— Kesi ya nini?

— Ya wimbo. Mwenye kuanza alikufa, mwenye kuitika ni huyu, na huyu anakataa.

Bénie akamwangalia Ngoy, akampa pole, akapokea kikombe chake, akanyamaza. Nilimpenda kwa hilo. Kwenye benchi letu mtu wa kunyamaza ni adimu kuliko samaki mkubwa.

Marlène akaleta shauri lake, ambalo ndilo alilokuwa amelihifadhi tangu mwanzo.

— Papa Ngoy, unajua ba Ennie wa Chisenga?

— Yule wa wimbo ya nyavu.

— Yeye. Mwitikiaji wake Mulumba alikufa, mwaka ule ule. Yeye iko na mianzo tu, weye uko na majibu tu. Nusu na nusu. Tunawaunganisha.

— Ni mariage, ndoa kabisa! Avocat akapiga goti. Mariage ya nyimbo! Maji yakimwagika hayazoleki!

— Avocat, ile methali inakataa, nilimwambia.

— Inakataa maji. Haikatae wimbo.

— Ni wimbo mbili mbalimbali, Ngoy alisema. Yake ni ya kugombana. Yangu ni ya kuvuka.

— Tujaribu, Marlène akasema. Miye naijua mianzo yake, niliisikia. Itika tu. Kidogo tu, papa.

Ngoy akatikisa kichwa. Lakini Marlène hakungoja; aliweka mwiko chini, akashika kiuno kama ba Ennie anavyoshika, akaanzisha:

— Ndugu, nani alikata wavu yangu?

Na mazoea ni mazoea. Kabla hajajizuia, ile sauti nene ambayo hatukuisikia tangu miaka ile ikatoka kifuani mwa Ngoy:

— Bado kidogo, mama, bado kidogo.

Tulishangilia, hata wapita njia wakageuka. Marlène akaongeza:

— Ndugu, nani alikula samaki yangu?

— Naiona, mama, naiona.

— Ndugu, nani alilala mu boti yangu?

— Tukaze mikono, mama, tumefika.

Kahawa ilimwagika. Avocat alikuwa amelala juu ya mapaja yangu kwa kicheko, Betri anapangusa macho, Marlène mwenyewe ameshindwa kuendelea. Nilipoinua kichwa ndipo nikamwona Ngoy. Yeye alikuwa bado ameinua uso, ameinamisha sikio upande wa kushoto, upande aliosimama Mama Angèle siku zote, kama mtu anayengoja aambiwe neno. Avocat akajiinua kutoka mapajani mwangu. Niliona haya.

— Alikuwa anauliza nini? Marlène aliuliza polepole. Ile ya Mama. Tunajua majibu. Mianzo ilikuwa nini?

— Alikuwa anauliza kama ng'ambo iko mbali, nilisema.

— Awe, Betri akasema. Alikuwa anauliza nani iko mu boti.

— Alikuwa anatukana diwani, Avocat akasema. Mwezi ule wa uchaguzi. Nakumbuka sana.

Tulikuwa tunasema kweli sote watatu. Mama Angèle alibadilisha mianzo yake kila mwezi, akitia habari za ziwa: boti iliyozama, bei ya chumvi, mtoto aliyezaliwa majini katikati ya safari. Majibu tu ndiyo yaliyokaa palepale. Tulimsikia miaka yote hiyo, na kila mmoja wetu alibaki na kipande chake kama watu waliogawana samaki mmoja.

— Weye hukusikia hata kidogo? Marlène akamuuliza Ngoy. Ukisimama pembeni yake?

— Maneno sikuyashika. Nilikuwa naogopa kuyashika, juu ya ule mwiko wetu. Nilikuwa nasikiliza pumzi yake. Akivuta pumzi mara ya mwisho, njo najua ni zamu yangu.

Akanywa kahawa.

— Nilipokuwa mule mu kibanda ya Chisenga na homa, aliendelea, nilikuwa nasikiliza. Nilisema, labda kutoka kule nitasikia akivuta. Ni upumbavu ya homa. Ziwa ni kubwa.

Mtu mwenye akili angetuacha hapo, tukanywa kahawa, tukaenda. Lakini Avocat akiona huzuni huitafutia dawa, na dawa zake zote huua.

— Na kama hakufa?

— Avocat, nilisema.

— Hapana, acha nimalize, ni jambo ya logique. Alifungwa mu plastiki. Nani alifungua? Nani aliona uso? Hakuna. Kwa sheria, hakuna mwili, hakuna kifo. Labda walikosea mutu. Labda Mama alivuka. Labda sasa iko Pweto, anauza chumvi, anangoja tu asikie tumefungua, akuye. Mama, weye unatoka Pweto, hujaona mama mumoja munene, wa kitambaa ya manjano, anaongea kwa nguvu?

Bénie akafungua mdomo, akaufunga. Marlène alimpiga Avocat kwa mwiko begani, na hakumpiga kwa mzaha.

— Nyamaza, Dany, Ngoy alisema. Aliliita jina lake la nyumbani, na Dany akanyamaza. Usimufanye Angèle kuwa mutu wa kukimbia. Alizikwa. Batu balisimama, balimuimbia, bakamulilia. Miye sikuwako, mais ninyi mulikuwako. Inatosha.

Bénie akaweka kikombe chini, akapangusa midomo kwa ncha ya kitenge. Alikuwa ananitazama mimi kwanza, kisha Marlène, bila ubaya wowote usoni, kama mtu anayeuliza njia.

— Batu ba serikali balibaacha muimbe? alisema. Kwetu Pweto balikataza. Baba yangu alikwenda hivi hivi, bila hata wimbo moja. Ninyi mulimuimbia wimbo gani?

Nimekaa kwenye benchi lile miaka mingi. Nimeulizwa kwa nini Mungu aliumba mbu, kwa nini mwanamke fulani aliolewa na mwanamume fulani, na hapo hapo watu wanne wakajibu kwa pamoja. Swali la Bénie lilikuwa dogo kuliko hayo yote. Betri alitazama bandarini. Avocat alishika bega lake lililopigwa. Marlène aliinua kifuniko cha sufuria, akaangalia ndani, akakirudisha.

— Mujibuni mugeni, Ngoy alisema.

Mimi niliinamia gurudumu langu tena.

— Muone aibu kidogo. Mugeni anauliza. Betri?

— Nilikuwa ndani ya nyumba, ba Ngoy. Nilifunga mulango.

— Dany?

— Nilikuwa Mansa. Nilikimbia.

— Pompi?

Nilimwambia kweli, kwamba siku ile nilisikia gari likipita nyuma ya soko na nikageuza uso wangu. Nilisema kwa sauti ndogo. Yeye hakunigombeza, alikuwa amekwisha kumgeukia Marlène, na uso wake ulikuwa na matumaini ambayo sitaki kuyaona tena kwa mtu.

— Marlène. Weye ulikuwa pale.

— Nilikuwa ku barabara, papa. Batu ba nguo nyeupe, ba kuzika, balinisimamisha ku barabara. Niliona gari, kisha vumbi. Nilikuwa na kitambaa ku kinywa. Nilitaka kuanza. Nilivuta pumzi kabisa. Nikaogopa kuishusha ile kitambaa.

— Bon. Na mangaribi? Ku kilio?

— Hakukuwa kilio. Kila mutu alikuwa kwake.

— Na kisha? Miezi yote ile?

— Kisha ulirudi kutoka Chisenga. Ulikuwa umekonda, papa, nguo zilikuwa zinakuanguka. Ulituuliza: mulimuzika vizuri? Tukasema ndiyo. Hukuuliza tena.

Malori mawili ya samaki yalipita kwenda barabara ya Mansa, na vumbi lao likatulia juu yetu sote bila mtu kuliondoa.

— Sikuuliza, Ngoy alisema. Unajua juu ya nini sikuuliza? Nilikuwa na wivu. Nilisema, kuna mutu mumoja hapa Kashikishi alisimama pa nafasi yangu, akamuitikia Angèle mara ya mwisho. Sikutaka kujua ni nani. Niliogopa nitamuchukia. Nikipita sokoni nilikuwa naangalia batu, nasema, labda ni huyu, labda ni yule. Miaka yote hii, Marlène. Hata ku kaburi sikuenda, juu ya ule mutu.

Akapangusa uso kwa kofia.

— Kumbe ningemukumbatia.

Marlène alikuwa analia waziwazi, bila kujificha, mikono imelegea. Mimi nililia pia. Kuna watu watasema wanaume wa kijiweni hawalii. Hao hawajakaa kijiweni. Bénie peke yake hakulia. Alikaa karibu na Ngoy, mabega yao yakigusana, kama watu wa msiba mmoja.

— Donc alienda kimya, Ngoy alisema. Angèle. Yule mama wa makelele.

— Alienda kimya, papa. Utusamehe.

— Si kunisamehe miye.

Akasimama. Alivaa kofia, akaivua tena, akaiweka mfukoni. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Ilikuwa sauti ya mtu wa kazi, anayeona wavu uliopasuka na anajua pa kuanzia.

— Marlène, tuma mutu Kabuta, tuma mutu Chisenga. Baambie bakuye Jumamosi vile mulipanga. Mais basivae nguo ya kucheza. Bavae ya kilio. Kwanza tutaenda kumulilia, bote, na kila mutu mwenye alipoteza mutu mule mwaka, akuye na jina yake. Kule tutaimba za kilio. Ile ya kuvuka, kumbe haikufungwa; tukimaliza kulia, tutarudi hapa, tutafungua nayo.

— Na nani ataanza? Avocat aliuliza. Aliuliza kama Dany, bila sheria yoyote ndani yake.

— Mwenye kuweza. Akikosea, nitaitika vile vile.

Tulikubali. Hakukuwa na hoja ya kupinga, na hata ingekuwepo hakuna aliyekuwa na uso wa kuitoa.

— Sasa, Ngoy alisema, siwezi kungoja Jumamosi bila kumusalimia. Nionyesheni kaburi yake. Iko upande gani?

Marlène alifunika uso kwa mikono. Alijua barabara tu, na pale gari lilipokata kushoto kuingia kwenye nyasi. Mimi sikujua hata hilo. Waliozikwa mwaka ule walilazwa pembeni, mbali na makaburi ya zamani, haraka haraka, na vile vibao vya majina vililiwa na mchwa kabla ya mvua ya pili. Pale sasa kuna vilima vingi vya udongo, vyote sawa, na nyasi juu.

— Hatujue ni gani, papa, Marlène alisema. Hatukuenda.

Ngoy alisimama akitazama barabara, mdomo wazi kidogo. Nilidhani atatulaani. Nilikuwa tayari alaani.

— Basi, alisema, tutasimama katikati, na tutaimba kwa nguvu.

Akaanza kutembea. Sisi tulibaki kidogo, kila mtu akingoja mwenzake ainuke kwanza. Aliyeinuka ni Bénie, mgeni, ambaye hakumjua Mama Angèle hata kwa sura. Aliuliza kama anaweza kumwita na baba yake pale pale, ingawa alizikwa ng'ambo, na Marlène akamwambia aje tu, ziwa ni moja. Ndipo na sisi tukasimama, tukawafuata.